Jina Nililombandika Tantine Zaina

Sifa mama,

Nimekasirika. Nakuambia mwanzoni kabisa ili usije ukaitafuta hasira yangu chini ya maneno matamu. Baraka na salamu za safari mama yako anazo beseni nzima, utachota kwake. Mimi nina hasira tu, na si ya leo asubuhi.

Sasa ni saa tisa za mchana. Wewe uko kwa msusi, kichwa kinavutwa, utarudi macho yamepanda juu kama ya paka. Mama yako yuko nyuma ya nyumba anapika kwanga za safari, ile mikate ya muhogo ya kufungwa majani, kana kwamba Japani watu wanakula mawe. Mimi nimefunga kibanda mapema, nimejificha ndani kati ya viatu vya watu. Mteja mmoja amegonga, nikamjibu kwamba fundi amekufa. Akasema, "Bon, marehemu, kiatu yangu iko tayari?" Nikamwambia arudi kesho kutwa, wafu wa Kisangani hawana haraka.

Unajua niliacha shule mwaka wa nne. Tuseme niliachishwa. Mwalimu alisema nina kichwa cha mbuzi, nikamjibu kwamba hata mbuzi ana ndevu, yeye je? Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Jioni baba yangu aliitwa, na wiki iliyofuata nilikuwa napaka kole, gundi ya viatu, kwenye soli za askari. Hadithi hii nimekusimulia mara mia na mara mia umecheka. Leo isome bila kucheka. Ulimi ule ule ulioniharibia shule ulikuja kuharibu kitu kikubwa kuliko shule, na hicho ndicho ninachokuandikia. Nitajaribu Kiswahili cha karatasi, kile cha baba yangu. Kikiponyoka kikawa cha sokoni, vumilia.

Mambo ya pasipoti, ya usile nini, ya usiongee na nani, siyaandiki. Mama yako ana orodha yake. Mimi nina swali moja tu kuhusu safari: katika nchi zote za dunia, mtoto wa fundi viatu anachaguaje nchi ambako watu wanavua viatu mlangoni? Miaka yote hii nimekuvisha, halafu unakwenda kuishi na miguu mitupu. Ningejua ningekufundisha kusuka mikeka.

Bon. Hasira.

Jumapili, kwenye karamu ya kukuaga, ulisimama kusema merci. Ukawashukuru batonton na batantine, wajomba na shangazi wote, ukamshukuru mama yako, ukanishukuru mimi. Halafu ukafanya jambo ambalo hujawahi kulifanya mbele ya watu. Ulikunja mkono wa blauzi, upande wa kushoto, ukauinua. Kovu likaonekana lote, kuanzia kiwikoni kushuka chini, na watu wakaona jinsi mkono unavyogoma kunyooka hadi mwisho. Ukasema:

"Munaona hii? Hii ni kazi ya Nyonyoa-Kuku. Nilikuwa na miaka sita, akavuta bandeji na ngozi yangu ndani. Donc naenda kusoma ili mutoto mwingine asichuniwe na mutu kama yule. Nikimuona, hata nitamuambia merci!"

Watu walicheka, wakapiga makofi mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Tonton Idi, huyu mdogo wangu anayejua siri zote za mbinguni, akapiga meza, akasema hakuna kovu la bure, Mungu alikuchoma kidogo ili akupatie masomo. Na mimi nilicheka kuliko wote. Soda ilinitoka puani.

Nimekasirika na yale makofi. Nimekasirika na Idi na huyo Mungu wake anayeunguza watoto ili wapate viza. Nimekasirika na wewe kidogo, samahani, kwa sababu ulisema vizuri, na kila neno lililokuwa zuri lilikuwa la uongo wangu. Lakini hasira kubwa inamtafuta mtu mmoja, naye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anafuta soda kwenye ndevu.

Sifa, Tantine Zaina hakukuchuna. Ni mimi.

Nimeandika, na kalamu haikuvunjika. Sasa ngoja nikueleze, usiruke mstari.

Uliungua kwa maji ya kusongea fufu. Hilo unalijua na ni kweli: sufuria ilikuwa chini, wewe ulikuwa unamkimbiza paka. Mama yako alikubeba mpaka dispansari ya mtaa, na infirmière, muuguzi, aliyekuwepo alikuwa Zaina, mwanamke mrefu, wa ukoo wa Waislamu wa zamani hapa mjini, mwenye kitambaa cheupe na maneno machache. Alikuosha, akakufunga, akasema turudi siku ya tatu. Siku ya tatu nilikupeleka mimi. Alichukua maji yaliyochemshwa yakapoa, akaanza kuilowanisha bandeji polepole, halafu akakaa. Akakaa, mama! Mimi nimesimama pale, viatu vya watu vinaningoja, yeye anakuimbia wimbo wa ndege na anasubiri.

Nikamwambia, "Infirmière, vuta basi, tuende."

Akajibu bila kuniangalia, "Papa Ramazani, huyu hapana kiatu. Acha ipoe, acha ilowane. Itatoka yenyewe."

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Wakanicheka mimi! Mimi ndiye ninayechekesha watu, sichekwi. Bandeji ikatoka yenyewe kweli, safi, hata hukushtuka. Hukulia hata kidogo. Na mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimeungua kuliko wewe.

Siku chache baadaye ikaja habari ya msiba kutoka Yangambi, kwa ndugu wa mama yako. Akapanda mtumbwi wa mota, akaniachia wewe. Bandeji mpya ilikuwa imekauka, inawasha, imeanza kunuka, unajikuna, unalia. Siku ya kwenda kwa Zaina ilikuwa kesho yake. Kesho tu, Sifa! Lakini mimi nilikuwa bado nasikia kile kicheko cha kwenye benchi. Nikajiambia: katika mji huu, kazi ya kubandika na kubandua ni ya nani? Nani amebandua soli nyingi kuliko Ramazani?

Hapa ndipo ujinga wangu una elimu ndani yake, na ndiyo maana ulikuwa mbaya. Soli yenye kole ya zamani haivutwi hivi hivi. Unaweka chuma juu ya makaa, unakisogeza karibu na soli, kole inalegea, inakuwa kama udongo mbichi. Halafu unaanzia kisiginoni, unavuta mara moja. Ukisitasita, ngozi ya kiatu inachanika. Moto unabandua, na mkono usisite: hiyo ndiyo sheria niliyofundishwa, na sikuwahi kuona kiatu kinachoikataa. Basi nikapasha chuma, nikakifunga kitambaa, nikakushikia juu ya bandeji.

Ulisema, "Papa, iko moto."

Nikasema, "Ndiyo dawa yenyewe, mama."

Maji ya kidonda na damu iliyokuwa imekaukia kwenye nyuzi ilizidi kukauka, ikawa saruji. Mimi nikaona imelegea. Niliona hivyo kwa sababu nilitaka kuona hivyo. Nikaanzia kiwikoni. Nikavuta mara moja, bila kusita, kama fundi.

Siwezi kuandika ulivyolia kwa sababu hukulia. Ulifungua mdomo, hakikutoka kitu, ukanilegea mikononi. Na bandeji ilikuwa imebeba ngozi yako yote mpya, ile iliyokuwa ndiyo kwanza inaota, nyembamba kama ngozi ya kitunguu.

Nilikimbia nawe kwa Zaina. Bandeji nilikuwa nimeishika mkononi, sijui kwa nini, kama mtu anayerudisha mzigo. Aliangalia mkono wako. Aliangalia bandeji, ambayo pembeni ilikuwa na alama nyeusi ya kidole. Halafu akaangalia vidole vyangu, na kole kwenye kucha. Hakuniuliza kitu. Alikushughulikia mpaka giza likaingia, akakubeba yeye mwenyewe mpaka nyumbani.

Mama yako aliporudi kutoka msibani alifunua kitambaa, akauliza, "Nani amefanya hivi?"

Jibu lilikuwa neno moja la herufi nne. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikatoa lingine. Nikasema, "Yule infirmière wenu anafikiri watu ni kuku. Ananyonyoa."

Umeona? Hata kudanganya sikudanganya kama watu wengine, kwa aibu, macho chini. Niliupamba uongo kwa kichekesho. Na kichekesho watu hawakichunguzi, Sifa. Uongo mkavu mama yako angeuliza maswali mawili ningeanguka. Lakini alisikia neno "ananyonyoa", akaliona lile jeraha, akafunga kitenge kiunoni, akaita dada zake wawili, wakaenda dispansari. Nikawafuata nyuma nyuma.

Alimtukana Zaina mbele ya watu wote. Mama yako unamjua akiwaka. Zaina alisimama mlangoni, mikono imeshikana tumboni, akangoja mama yako avute pumzi. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mama Sifa, uliza bwana yako."

Watu wote wakanigeukia. Benchi zima, lile lile lililonicheka. Sasa hapo, mwanangu, ndipo palipokuwa mlango. Ulikuwa wazi, mpana, ningepita hata na mzigo kichwani. Na mimi nikafanya nini? Nikapiga mabawa kwa viwiko, nikalia kama kuku anayenyonyolewa. Kokokooo! Kokooo!

Watu walianguka. Mzee mmoja alishika ukuta kwa kicheko. Mama yako mwenyewe, katikati ya hasira yake, alicheka. Na kutoka siku ile Zaina akawa Nyonyoa-Kuku. Jina nilimbandika mimi, kwa ulimi, bila kupasha chuma wala kungoja likauke, na sijawahi katika maisha yangu kubandika kitu kikashika vile. Watoto walimfuata barabarani wakipiga mabawa. Akina mama walibeba watoto wao wagonjwa wakapita mbele ya mlango wake kwenda mbali zaidi, asije akawagusa. Wewe ulipokuwa na miaka minane nilikusikia, nikiwa hapa hapa kibandani, unamwimbia kokokoo na wenzako. Nilikuwa nina misumari mdomoni. Nikaendelea kupiga nyundo.

Alivumilia miaka miwili. Halafu akahamishwa, au aliomba kuhamishwa, sikuuliza, kwenye kituo kidogo huko njia ya Bengamisa. Nilipumua. Ndiyo, nilipumua! Andika hilo pia kwenye daftari lako la utafiti.

Utaniuliza niliwezaje kulala. Nililala vizuri, kwa sababu nilikuwa na mto: nilijiambia kwamba kusema uongo nilisema, lakini kazi niliifanya sawa. Sheria ni sheria, moto unabandua. Ni ngozi ya mtoto tu iliyokuwa na bahati mbaya. Fundi yeyote angefanya vile. Huo mto niliulalia miaka na miaka.

Halafu ukaja wewe na visahani vyako.

Unakumbuka ulipoleta nyumbani kimoja kitupu kunionyesha? Visahani vya plastiki kama vifuniko, zawadi ya profesa mgeni aliyepita chuoni kwako. Nikakigeuza, nikakinusa, nikasema sioni kitu.

"Papa, chini yake kumepakwa polima. Iko nyembamba sana, hata na miwani yako hauwezi kuiona."

"Basi umepaka hewa. Hongera."

"Sikiliza kwanza! Ile polima inasikia joto. Ikiwa na joto ya mwili, inatoa maji, inajikunyata. Seli zinapenda kuishika vile. Zinakaa, zinaota, zinashikana mikono, zinakuwa kipande kimoja kama kitambaa. Alors ukitaka kuzitoa, hauzikwangui, hauweki ile dawa ya kukata mikono yao. Unaipoesha tu. Polima inakunywa maji, inavimba, seli zinaachia. Kipande kizima kinaelea, unakibeba unakiweka juu ya jeraha ya mutu."

"Uongo mtupu. Moto ndio unaachisha. Baridi inashika. Uliza kiatu chochote."

Na wewe ukacheka, ukanipigapiga bega kama vile mimi ndiye mtoto. "Papa, wewe unajua kole. Haujui ngozi."

Nilicheka na wewe. Ndani nilisikia sauti ya yule mwanamke mrefu: huyu hapana kiatu.

Nakupa haki yako, kuna mahali tulielewana. Uliposema kwamba polima ikipakwa nene kidogo seli zinakataa kushika kabisa, nililielewa upesi kuliko profesa wako. Kole pia ni hivyo. Wanafunzi wangu wote walipaka nene wakidhani wingi ndio nguvu, na soli zikawaachia katikati ya barabara. Siku ile nilijisifu kwa majirani kwamba binti yangu ni fundi kole wa seli. Sikudanganya. Mara moja moja inanitokea.

Lakini mto wangu ulichanika wiki ile umeme ulipokatika chuoni. Bwawa la Tshopo tunalisikia likinguruma tukiwa vitandani, umeme wenyewe tunauona kama mgeni. Hasira hiyo nayo iko, ila leo ina foleni. Lile kabati lako la joto likapoa, na asubuhi ukakuta vipande vyote vimeachia kabla ya siku yake, vimejikunja, vimekufa. Kazi ya miezi. Ulirudi nyumbani hutaki kuongea na mtu. Mama yako akakuwekea pondu ya majani ya muhogo na kwanga iliyotoka tu kwenye sufuria. Ukaibandua jani kwa hasira, ikiwa moto bado, na kwanga yote ikang'ang'ania jani, ikachanika vipande.

Mama yako akakupiga kofi la mkononi. "We! Ngoja ipoe. Ikipoa jani inaachia yenyewe. Hata mutoto wa miaka sita anajua."

Miaka sita. Alisema hivyo bila kufikiri.

Ukaanza kucheka huku machozi yanashuka. "Papa, umesikia? Mama anajua polima!"

Nilisikia. Najua utasema kwanga si polima, na bandeji si kisahani, kila kimoja kina sababu yake. Sawa, profesa. Lakini mimi nimekula kwanga katika nyumba hii tangu nilipooa, kwa vidole hivi hivi, na kila siku nimengoja ipoe. Elimu ya Zaina nilikuwa nayo kwenye sahani yangu. Sikuhitaji shule, sikuhitaji Japani. Nilihitaji kungoja mpaka kesho yake. Kisingizio changu kilikufa pale mezani mbele yenu, na mimi nikaomba chumvi.

Bado sikusema. Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Nilikuwa sina tena mto, na bado nikalala.

Kuna kingine, na ndicho kizito kuliko vyote. Zaina amerudi mjini, sasa ni mwaka wa tatu, amestaafu, anakaa avenue ya pili kutoka kwetu, kwenye lango la bati la bluu. Wewe ukimwona unavuka barabara, nimekuona. Yeye ananiletea sandali zake, zile zile za kahawia, kila zikichoka. Fundi wake ni mimi! Mwezi uliopita alikaa kwenye kiti cha wateja, akanipa sandali, akasema, "Papa Ramazani, sasa tumia uzi. Kole yako inashika mahali haifai."

Nikatumia uzi. Nilishona mistari mitatu pale ambapo mmoja ungetosha, ili nisiinue kichwa.

Akauliza, "Sifa iko anasoma nini?"

Nikamwambia: anasoma namna ya kubandua ngozi bila kuumiza mtu.

Aliangalia barabara. Pikipiki zilipita, mwenye kuuza maji akapita. Mwishowe akasema, "Ni vizuri." Halafu, "Mukono inanyooka?"

"Haifiki mwisho."

"Nilijua," akasema. "Ile mukono ilikuwa ya kunyoosha kila siku, kidogo kidogo, miezi mingi. Ningeinyoosha mimi. Lakini mulimupeleka fasi ingine."

Akachukua sandali zake, akaenda.

Sasa umeelewa? Ngozi niliichuna mimi kwa chuma, hilo ni kosa la dakika moja la mtu mwenye kiburi. Lakini ngozi iliota tena. Kilichokunja mkono wako ni uongo. Ulikuwa na mtu aliyejua kuunyoosha, anakaa hatua mia tatu kutoka kitanda chako, nami nilimfukuza kwa kulia kama kuku. Hata leo ukivaa shati na ule mkono ukatangulia, ni kicheko changu unachovaa.

Ngoja. Naweka kalamu chini. Siwezi kukuandikia haya wewe na mama yako yuko hapo nyuma anakoleza moto.

Nimerudi.

Nimemwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwiko, kwa sufuria, kwa dada zake. Alikuwa amechuchumaa anafunga kwanga ya mwisho. Alifunga mpaka akamaliza, akakaza kamba. Akasimama. Akaniangalia kama vile unavyoangalia kiatu ambacho huelewi ni cha mguu gani. Nikafungua mdomo niseme kitu kidogo cha kuchekesha, kweli, Sifa, hata pale ulimi ulikuwa umeshaanza kunyanyuka, na akainua kidole kimoja. Nikafunga mdomo.

Akafunga kitenge kiunoni, vile vile kama siku ile. Akasema, "Angalia sufuria." Akatoka.

Nimemfuata kwa macho mpaka kona. Amekwenda upande wa lango la bluu. Mimi niko hapa na barua na sufuria.

Nilikuwa nimepanga kuificha karatasi hii ndani ya kiatu chako cha kulia, kwenye ile pea mpya niliyokushonea, uikute ukivua mlangoni Japani. Niliupenda sana mpango huo. Ni mpango wangu hasa: mzaha mzuri, na mimi niko mbali. Ungesoma peke yako, kwenye baridi, miguu mitupu, usiwe na mtu wa kumpigia kelele, na mimi niko hapa nachekesha wateja. Nimeukataa. Utaipata mkononi leo, ukifika na nywele zako mpya, na uso wangu utausoma pia.

Sina mashauri mengi, na aliyenipa haki ya kushauri simjui. Nitasema tu nilichokiona. Huko utakuwa na ujuzi mwingi, na ujuzi una siku zake za ulevi. Siku moja utakuwa na kitu mbele yako, na mkono utakuwasha kuvuta, na utakuwa na sheria nzuri kabisa inayosema vuta. Sikiliza kama kuna mtu anayesema "iko moto". Mimi niliambiwa, na mtu mwenye miaka sita, na nikamjibu kwa hekima.

Na siku utakapokosea mbele ya watu, wakakugeukia wote, na ukasikia kichekesho kinapanda kooni, kwa sababu damu yangu unayo na kitapanda, kimeze. Kitakukwama. Acha kikwame.

Sikuombi unisamehe. Hasa nakuomba usinisamehe leo. Utataka, najua moyo wako. Kesho ndege, watu wanalia, utasema "Papa, yameisha," uvute mara moja ili tusiumie. Usivute. Kaa na hasira yako mpaka ipoe yenyewe, hata ikichukua miaka ya masomo yote. Ikitoka, itoke nzima. Isipotoka, mimi nitajua ni kole nzuri, nitaiheshimu kama fundi.

Kesho uwanja wa ndege wa Bangoka, kabla hujaingia mlango wa wasafiri, watu wetu wote watakuwepo, na Idi na makofi yake. Nitasimama niwaambie yote haya kwa mdomo. Jina nililibandika mbele ya watu, mbele ya watu litabanduliwa. Lakini kesho ni mbali, na nimeshakuonyesha mimi ni mtu wa kesho kiasi gani. Leo kuna saa mbili za mwanga zimebaki. Ukimaliza kusoma, usinijibu. Nenda lango la bluu. Mama yako yuko huko. Usimpe Zaina merci ya kuchekesha watu. Mwonyeshe mkono tu, yeye ataujua. Mimi nitakuja nyuma yenu, nitasimama nje barabarani mpaka mtu aniambie niingie au niondoke.

Na mkiwa ndani mkitaka kunitafutia jina, nyinyi watatu, msiwe na haraka. Tafuteni lenye kushika. Mtaani kuna watoto wengi, litafika Bengamisa kabla ya ndege yako kuruka. Mwite mtu yeyote alitamke pale langoni kwa sauti.

Nitaitika.

Papa yako